Yesu, Shika Breki

Siku hizi mtu anaingia nyumbani kwako kama mwizi. Anashuka kwenye bodaboda, simu inalia mfukoni mwake wimbo uleule unaolia mfukoni mwa kila mtu, na wewe unamwona tu yuko mlangoni anauliza kama kuna chai. Zamani, hapa kwetu Ayivu, tulijua nani anakuja kabla hajavuka kijito. Kila mwanamume alikuwa na mlio wake, ambao sisi Walugbara tunauita cere: sauti ya juu, nyembamba, ndefu, yenye maneno machache aliyoyachagua mwenyewe. Akitoka kunywa kwete, pombe yetu ya nafaka, jioni, akifika kilimani, anaupiga, na mkewe anajua ni wakati wa kuteka maji ya kuoga. Mlio ulikuwa wa mtu mmoja tu. Kuupiga mlio wa mwenzako ilikuwa sawa na kumvua nguo mbele ya wakwe. Mwenye kosa hilo alitozwa kondoo dume, na wengine walitozwa meno.

Nayasema haya kwanza, kwa sababu vijana wanaosoma hawayajui, na bila kuyajua hawatamwelewa mkwe wangu Saturnino Lokule, mume wa binti yangu Mindra. Alikuwa kijana wa Lurujo, kule Koboko. Alimpenda Mungu kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, na aliingia katika ukoo wangu kwa kuniibia cere.

Ulikuwa mwaka wa themanini na saba. Tulikuwa tumerudi kutoka Zaire, tunajenga upya juu ya majivu. Miaka yote ya ukimbizi sikupiga mlio wangu hata mara moja. Mkimbizi hatangazi jina lake katika msitu wa watu wengine. Basi mke wangu Santa alipopika kwete ya kwanza nyumbani, niliibeba nikainywe kwa ndugu yangu Obeti, nikapanda kilimani jioni, nikaachia: "Uuu-lu-lu-luuu! Mvua ya jioni haiogopi mtu!" Santa alilia. Mbwa wetu, aliyezaliwa Zaire na hakuwa na adabu yoyote, alikuja mbio kunilaki. Siku hiyo ndipo nilijua kwamba vita vimeisha.

Wakati huohuo Saturnino alikuwa akileta maharage ya Lurujo katika soko la Arua kwa baiskeli, na sokoni ndiko alikomwona Mindra. Watu wake walikuwa wamekimbilia Sudan, na huko alibatizwa. Hakunywa, hakuvuta, hakutukana. Alimshukuru Mungu kwa kila kitu. Tairi likipasuka alisema, "Asante Bwana, umeona nimechoka," akakaa kando ya barabara akiimba mpaka gundi ikakauka. Mindra alikuja nyumbani akisimulia hayo huku akicheka mpaka kitambaa kikamponyoka kichwani, nami nikajua nimeshapoteza binti.

Siku ya posa wazee wake walitangulia. Tulikuwa tumekaa nao uani, nimevaa koti langu, ninatazama mbele kwa heshima. Ghafla kutoka kilimani: "Uuu-lu-lu-luuu! Mvua ya jioni haiogopi mtu!"

Jikoni Santa alipaza sauti. "Baba yenu amefika! Mindra, teka maji!"

Mbwa alinitazama pale kitini. Akatazama kilimani. Kisha akafanya uamuzi wake, akakimbia kilimani akitikisa mkia.

"Ndugu yangu," Obeti akaniuliza polepole, "kama wewe iko kule, huyu anayekunywa kwete yangu hapa ni nani?"

Saturnino akaingia uani akisukuma baiskeli, jasho linamtiririka, meno yote nje. Akapiga magoti.

"Salamu, Baba! Umesikia hodi yangu?"

"Hodi gani?"

"Hodi ya nyumba hii. Mindra aliniambia, sauti hii ikisikika, wote wanajua mutu wa nyumba anakuja. Na mimi nataka kuwa mutu wa nyumba."

Wazee wake walitabasamu. Kwao Lurujo hakuna mambo ya cere, waliona kijana wao amefanya heshima. Upande wetu tuliona wizi. Kisha Obeti akaanza kutetemeka mabega, akashika tumbo, akaanguka kutoka kwenye kiti pamoja na kibuyu chake. Santa alitoka jikoni na ndoo ya maji ya kuniogesha, akaniona nimeshakaa, akarudi ndani, tukamsikia akicheka, mdomo ameuziba kwa kanga.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeukosa mlio ule miaka mingi, na sasa mtoto wa watu anauendesha kwenye baiskeli pamoja na maharage.

"Kondoo dume," Obeti alisema akiwa bado chini. "Sheria ni kondoo."

"Kondoo hatoshi," nikasema. "Binti yangu haendi kwa mwanamume asiye na mlio. Gizani atamjuaje? Kijana, utafute wako. Na kwanza utakunywa kwete, maana koo kavu halipigi cere. Ndivyo baba zetu walivyofanya."

Saturnino aliacha kutabasamu. "Baba, Mindra nampenda mpaka chakula kinanishinda. Kutafuta sauti nitatafuta. Lakini niliahidi Mungu kule Sudan kwamba sitakunywa. Nikivunja ahadi ya Mungu, hii ya Mindra utaiamini vipi?"

"Basi rudi na maharage yako."

Nililisema hilo mbele ya wazee, na neno la baba mbele ya wazee halirudi. Mindra aliweka sufuria chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo alinipa chakula bila kunitazama.

Obeti ndiye aliyembembeleza kijana. "Jaribu bila pombe kwanza, mwanangu. Pengine Mungu wako ana koo."

Basi kila siku ya soko, akishauza maharage, Saturnino alipita kwetu, akasimama kilimani, akajaribu. Watu wa Ayivu hawajapata burudani kama ile tena, hata kwa hizi video zao. Siku ya kwanza alitoa sauti ya mbuzi anayezaa. Akajaribu wimbo wa kanisani. Sauti ya juu ilimkatikia katikati ya Haleluya, akakohoa mpaka akakaa chini. Wanawake waliacha majembe.

"Mukwe, ongeza chumvi!"

"Mukwe, hiyo ni ya kuku! Leta ya jogoo!"

Naye anacheka kuliko wao, anawapungia mkono, anapanda baiskeli kurudi Koboko. Nyuma ya mlango wake Mindra alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na Santa aliniambia kwamba kama mvua ya jioni haiogopi mtu, basi na ijilalie peke yake.

Kisha ikaja siku ya kulima kwangu. Zamani hukuajiri vibarua. Uliita majirani, wakakulimia shamba zima kwa siku moja, na chungu kikubwa cha kwete kikawasubiri kando ya njia. Sasa waite majirani uone. Siku hiyo walikuja wote. Tulikuwa katikati ya mihogo, chungu kimekaa chini ya kilima, kimefunikwa majani, wakati baiskeli ilipotokea juu. Gunia la maharage nyuma, kuku wa zawadi amefungwa kwenye usukani. Breki za baiskeli ile zilikuwa vipande vya ndala, na kilima chetu hakina huruma kwa ndala.

Ndipo tukasikia. Ilianza chini kifuani, ikapanda, ikapanda zaidi, ikawa nyembamba kama filimbi, ikapita juu ya mihogo mpaka ng'ambo ya kijito:

"Yeee-suuu-uu-uuu! Shika breki-iiii!"

Majembe yote yalisimama. "Ni mukwe!" walisema kwa pamoja, kabla hata ya kutazama. Mlango wa Mindra ulifunguka kwa kishindo. Alipita mbio, mbwa mbele yake.

Yesu hakushika breki. Alishika kijana. Baiskeli iliingia kwenye chungu cha kwete, chungu kikapasuka, na Saturnino akaketi katikati ya vigae, analowa kutoka nywele mpaka viatu, kuku juu ya kichwa chake, anasema, "Asante Bwana. Asante Bwana, mfupa wote upo."

Obeti alifika akihema, akasimama juu yake kama hakimu. "Pombe ipo?" akauliza. "Ipo mwili mzima. Mlio umetoka? Umetoka, na hakuna mwenye shaka ni wa nani. Wazee walisema viende pamoja. Hawakusema pombe lazima ipite mdomoni."

Nilitazama chungu. Nilimtazama kuku, ambaye alikuwa amekwisha kushuka na anakunywa kwenye kigae. Nilimtazama Mindra, anamfuta yule mjinga kwete masikioni kwa ncha ya gauni lake, mbele ya kijiji kizima, bila aibu. Nilitaka sana kukasirika, na nilikuwa na haki.

"Mchukue," nikamwambia, "kabla hajavunja na nyumba."

Walifunga ndoa kanisani, bila pombe, na watu walicheza kama wamelewa. Alimpeleka Lurujo, wakapata watoto wawili wa kike. Aliwabeba mgongoni kwa kanga, mchana, barabarani, na wanaume wakimcheka aliwaambia, "Hata Bwana hubeba." Kila siku ya soko, tukiwa mashambani, mlio ulishuka kilimani. Breki alikuwa ameshaweka mpya, aliita tu. Mbwa alikwenda kumlaki, na baada ya muda mfupi mimi pia.

Kiangazi cha mwaka wa tisini na nne homa ya uti wa mgongo ilimchukua Saturnino katikati ya juma. Nilikwenda Koboko na Obeti. Katika ukoo wetu, mlio wa marehemu hupigwa mara ya mwisho kaburini na mtu wa damu yake, kisha haupigwi tena duniani. Lakini watu wake hawakuwa na desturi hiyo. Katekista Romano alisali, wakaanza kushika sepetu. Mindra alinitazama, mtoto mgongoni, mwingine mkononi. Anatoka kwangu; alijua kinachokosekana.

Nilivua kofia. Koo langu lilikuwa kavu, sikuwa nimeonja kitu tangu asubuhi. Nikaachia, juu, nyembamba, mpaka mwisho wa pumzi: "Yeee-suuu-uu-uuu! Shika breki-iiii!"

Katekista Romano, ambaye bado alikuwa amefumba macho, akasema, "Amina."

Obeti ndiye aliyeanza, kwa mabega. Kisha Mindra. Kisha waombolezaji wote wa Lurujo, sepetu mkononi, machozi yanashuka, wanacheka mpaka wanashikana ili wasianguke. Watoto wake walicheka kwa sababu mama yao alicheka.

"Baba," Mindra akaniambia alipopata pumzi, "umemwibia."

"Nimemwibia," nikasema. "Nitaleta kondoo."

Na nilileta. Dume, mnene, nilimtembeza kwa miguu mpaka Lurujo.