Gota Bandarini Mkoani

Likizo ya Disemba ilitupeleka Pemba, mimi, mke wangu na mwanetu wa miaka sita, mtoto wa Dar es Salaam anayemjua bibi yake kwa simu tu. Njia nzima kwenye boti nilimkaririsha: ukifika, sema shikamoo, kisha umbusu bibi mkono.

Mama yangu alitupokea bandarini Mkoani. Mwanangu alipomwona, shikamoo yote ikamtoka kichwani. Akanyoosha ngumi, kama wanavyosalimiana na wenzake shuleni.

"Gota, bibi!"

Niliona haya mimi. Lakini mama hakujua gota ni kitu gani. Alichokiona yeye ni mkono uliofumbwa, na kwetu mkono uliofumbwa huwa una zawadi. Akakinga kiganja chini ya ile ngumi, akangoja, anatabasamu.

Mtoto akanitazama. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa pipi yake ya mwisho, akaiweka kiganjani.

"Ahsante, mume wangu," mama akasema, akaimenya na kuitia mdomoni papo hapo. "Hakuja mikono mitupu huyu!"

Na mimi mwaka mzima nimeshindwa kumfanya amgawie pipi hata mama yake mzazi.

Jana tuliagana pale pale. Mama, ambaye sasa keshafundishwa, akanyoosha ngumi. Mwanangu, naye keshafundishwa, akakinga kiganja.

"Gota weye! Leo sina kitu!"

Wakacheka mpaka wakaegemeana. Mimi niliyelipa nauli na kubeba mabegi, hakuna aliyenigotea.