Siku Nilipochukua Nafasi ya Murhula

Hii habari sijawahi kuieleza yote. Wale waliokuwepo uwanjani Kadutu, hapa Bukavu, siku ile wanajua nusu yake, ile nusu ya kuchekesha, na mupaka leo nikipita sokoni Nyawera kuna fundi viatu mumoja akiniona tu anaweka nyundo chini, anashika kiuno, anacheka mupaka machozi yanamutoka, na mimi nacheka naye, kwa sababu nitafanya nini? Lakini ile nusu ingine, ile inayonifanya ninyamaze watu wakitaja Walungu, hiyo muke wangu peke yake ndiye anaijua. Leo nitawaambia na ninyi. Aibu ni yangu, sitaigawanya na mutu.

Nilikuwa beki. Miaka ile, miaka ya mwisho ya Wabelgiji, tulisema arrière, na mimi nilikuwa arrière wa kushoto wa ekipe ya parokia, timu ya divizyo ya pili, miaka saba mizima. Katika miaka saba sikufunga goli hata moja (moja nilifunga, lakini ngojeni, nitafika). Beki wa divizyo ya pili hakuna anayemukumbuka: ukizuia mupira watu wanampigia kipa makofi, ukiuacha upite wanataja jina lako mupaka jina la mama yako. Wiki nzima nilikuwa napiga randa kwenye atelier ya mbao, njia ya kwenda Nguba, Jumapili nacheza. Sikuwa mubaya. Sikuwa muzuri pia. Ila nilikuwa nimeshafika umri ambao mutu anaanza kuhesabu musimu ngapi zimebaki.

Alhamisi moja, kazini, ubao muzito uliniangukia kwenye goti la kushoto. Goti likavimba kama kabichi. Jioni nikajikokota mupaka parokiani, nikamuambia padri, ambaye ndiye alikuwa antrenere wetu, mwalimu wa mupira, kwamba Jumapili sitaweza, Murhula aingie mahali pangu.

Huyu Murhula alikuwa rezerve wangu. Miaka mitatu alikuwa ananingojea niumie (yeye hakuwahi kusema hivyo, ni mimi nasema). Kwenye mazoezi alikimbia kuliko sisi wote, halafu Jumapili ikifika anapewa bendera, kwa sababu kila ekipe ilipaswa kutoa mutu mumoja wa kusimama pembeni na bendera, na wetu alikuwa yeye siku zote. Padri alipomuambia kwamba Jumapili atacheza, na tena muchezo wa mwisho, ule ambao mushindi anapanda divizyo ya kwanza, alikaa chini juu ya mupira. Akafunika uso kwa mikono. Kesho yake akatuma habari kwa baba yake kijijini Walungu, kwa dereva wa kamyo ya mihogo: Papa, uje uone.

Kama ningebaki nyumbani Jumapili ile, hii habari ingeishia hapo.

Lakini asubuhi, baada ya misa, mwenzangu mumoja wa kazini akanisimamisha njiani. «Umesikia? Ile ekipe kubwa ya mujini inatuma muzungu leo. Anatafuta beki.» Basi. Hayo maneno mawili ya mwisho yalinitosha. Nikarudi nyumbani, goti likawa kama limepona njiani, nikachukua liputa ya zamani ya muke wangu, kitenge cha kujifunga kiunoni, ya rangi ya manjano, nikaipasua kipande kirefu, nikaanza kufunga goti, nafunga nafunga, naficha chini ya soksi.

Muke wangu Nabintu alisimama mulangoni. «Unaenda wapi na ile muguu?»

«Kuangalia tu.»

«Kuangalia, na viatu vya mupira mu mukono?» Akaniangalia sana, akaniita kwa jina la mutoto wetu. «Papa Espérance, ile nafasi ulishamupa mwenzako.»

Nikamuambia anitafutie pini. Hakunitafutia. Laiti ningekuwa na pini!

Nilipoingia kwenye sale ya parokia, ukumbi tuliokuwa tunavalia, Murhula alikuwa ameshavaa jezi. Nikatembea kati ya benchi bila kuchechemea, meno nimeyauma, nikasimama mbele ya padri.

«Goti iko aje?» akaniuliza.

«Iko muzuri, mon père. Imepona.»

«Ruka.»

Nikaruka. Nikaona nyota mchana. Nikaruka mara ya pili bila kuambiwa, nikitabasamu. Padri akakuna ndevu, akamugeukia Murhula, akasema polepole, «Basi, mutoto wangu, muachie mwenzako jezi. Yeye amezoea.» Na Murhula akaivua, akaikunja vizuri, akanipa. Ilikuwa na joto la mwili wake. Akaniambia kwa sauti ndogo, «Papa yangu iko pale chini, nimemukalisha upande wetu wa kushoto. Macho yake haioni sana. Nilimuambia beki ya kwanza itasimama mbele yake ndiyo mimi. Kama unaweza kumuambia…»

Nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Padri akamupa Murhula bendera, akamutuma kwenye mustari wa ng'ambo, na arbitre alikuwa ameshapiga filimbi ya kutuita. Tukatoka.

Uwanja ulijaa, watu wamekaa mupaka juu kwenye mutelemuko wa kilima. Upande wa padri nikaona muzungu mwenye kofia nyeupe, nikasema, ndiye. Na pembeni kabisa, upande wangu, alikaa muzee mumoja mwenye fimbo na koti jeusi la zamani, miguu ina vumbi jekundu la njia mupaka kwenye magoti. Nilipofika mbele yake akainuka, akasimama hivyo hivyo, na hakukaa tena.

Mwanzo nilijikaza. Ule winga wao, tulimuita Umeme, mara mbili nilimuzuia, na kila nikigusa mupira muzee anainua fimbo: «Eee, mwana wangu! Eee!» Nilimusikia. Nikajifanya sisikii, naangalia kofia nyeupe.

Kisha kitambaa kikaanza kulegea.

Kwanza nilihisi kitu kinanitekenya kwenye kisigino. Nikaangalia, kumbe liputa ya Nabintu imetoka kwenye soksi, kipande kama urefu wa mukono. Nikakirudisha haraka. Kikatoka tena, kirefu zaidi, na sasa nikikimbia kinanifuata nyuma kama mukia, cha manjano, na kilima kizima kikaanza kucheka. Mutu mumoja akapiga kelele, «Angalia, beki amevaa liputa ya bibi yake!» Nikajaribu kukisukuma ndani ya kaptura, mukono mumoja kwenye kaptura na macho kwenye mupira, na hapo Umeme akapita mbio, akakanyaga ncha ya kitambaa, mimi nikavutwa muguu, nikaanguka kifudifudi. Mupira ukapigwa katikati. Nikajiinua kwa goti moja, nikasema lazima niutoe, nikapiga kwa ule muguu wa kushoto, ule ule, na goti likalia kama mbao inayopasuka. Mupira ukazunguka nyuma, ukampita kipa wetu aliyekuwa ananiangalia mimi na mukia wangu, ukaingia.

Ndilo goli langu.

Watu walicheka wakashikana. Hata wenzangu, wawili walicheka, niliwaona. Kapiteni wetu hakucheka, alimukimbilia arbitre kumuomba Murhula aingie, lakini sheria ya siku zile haikuruhusu kubadilisha mutu: aliyeanza ndiye amalize, akiumia mubaki kumi. Wakanibeba wakaniweka pembeni, kwenye majani, wakarudi kucheza wakiwa kumi. Na ng'ambo kule Murhula alisimama na bendera yake, viatu vya mupira viko bado mu miguu yake, haruhusiwi kuvuka.

Nikauma mukono wa jezi ili nisilie kwa sauti. Kisha nikasikia fimbo inagonga chini, inakuja polepole. Muzee akanitafuta kwa mukono, akagusa kichwa changu, akavua lile koti akanifunika mabega.

«Murhula,» akasema. «Usilie, mwana wangu. Waache wacheke. Mimi nimekuona. Nimekuona ukikimbia.»

Hapo ndipo nilipaswa kufungua mudomo. Neno moja tu: Papa, mimi siye. Sikusema. Na sababu nitawaambia, hata kama ni mbaya: kwenye uwanja mzima ule alikuwa ndiye mutu peke yake asiyenicheka, na nilitaka akae. Nikashika mukono wake nikanyamaza, na yeye akakaa karibu yangu akanisugua mugongo, akanieleza alivyotoka Walungu jana, akalala njiani kwa watu wa ukoo, akaingia kamyo ya asubuhi, akapanda Kadutu kwa miguu akiuliza watu njia ya uwanja. Yote hayo alinieleza mimi.

Mapumziko yakafika. Murhula akavuka uwanja akikimbia, akasimama mbele yetu, akaniona ndani ya koti.

«Papa,» akasema. «Niko hapa.»

Muzee akageuza kichwa. Akainua mukono, akagusa uso wa mutoto wake, kisha shati yake, kavu, safi, kisha akashika kile kijiti cha bendera na kukipapasa.

«Na huyu?»

«Ni mwenzangu. Alipona, basi akacheza yeye.»

«Na wewe ulikuwa wapi?»

«Ng'ambo ile, Papa. Nilikuwa nashika bendera.»

Muzee akaachia kile kijiti. Akasema, «Basi sikukuona.»

Mimi nikaanza kuvua koti nimurudishie, na yeye akasikia. «Hapana, muachie,» akamuambia Murhula. «Ana baridi.» Akainuka, Murhula akamushika mukono, wakaondoka.

Tulifungwa tatu. Yule muzungu wa kofia nyeupe (mutacheka, chekeni) alikuwa mukaguzi wa mashamba ya kahawa, alikuja kumuaga padri arudi kwao. Habari za mupira hakuzijua kabisa.

Goti halikurudi sawa, na mupira wangu uliishia siku ile. Musimu uliofuata Murhula akapewa jezi, akacheza miaka miwili, na alikuwa beki bora kuliko mimi, hilo nalisema mbele ya mutu yeyote. Lakini kabla musimu haujaanza, macho ya muzee yalifunga kabisa. Nilisikia, nikapanda gari mupaka Walungu na lile koti, Nabintu amelifua na kulipiga pasi. Nikamukuta muzee kwenye kiti mbele ya nyumba. Nikamueleza yote: goti, kuruka mbele ya padri, kamba za viatu, na kwamba nilisikia akiniita Murhula nikanyamaza.

Alisikiliza mupaka mwisho. Kisha akasema, «Wanasema anacheza sasa. Nikishuka Bukavu, nitaangalia nini?»

Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, kama mutu anayeuliza kama mvua itanyesha. Akaita niletewe ugali na maharagi, na nikala, kwa sababu kukataa kungekuwa aibu ingine juu ya ile.

Tangu pale, nikishasema nafasi ni ya mwenzangu, sirudi kuichukua, hata wakiniita kwa jina, hata ikiwa ni kiti tu cha kanisani. Wanaocheka goli langu nawaachia wacheke, goli ni goli, lilihesabiwa likaisha. Lakini Murhula alikuwa na Jumapili moja tu ya kuonwa na baba yake, na hiyo niliicheza mimi.