Saa Moja Iliyovuka Mpaka

Mganga mfawidhi wa zahanati yetu, mzee ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi, hakuyaamini masomo ya mtandaoni. Uganga, alisema, mtu hujifunza kwa kumshika mgonjwa, si kwa kusugua kioo cha simu. Mimi nilikuwa muuguzi wa cheti nikisomea stashahada kwenye hicho kioo, na wagonjwa nilikuwa nimewashika miaka tisa. Nilimwambia hivyo. Hakufurahi.

Siku ya mtihani wa kufunga mwaka wa kwanza, ambao ukifeli unarudia mwaka mzima, nilipanda kilima cha juu ya Rusumo kutafuta mtandao. Mtihani ulikuwa saa nne hadi saa sita. Simu ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi, nikatulia kwenye jiwe nikipitia dozi za watoto. Ilipofika saa nne nikafungua mtihani: muda uliobaki, saa moja.

Nilielewa papo hapo, nikajikasirikia. Ukiwa kilimani simu hushika mnara wa Rwanda, na saa za huko, ng'ambo ya mto wa mpaka, ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Hata tukipeana miadi sokoni tunaulizana kwanza: saa ya huku au ya kule? Na mimi, mwenyeji, nikasahau.

Nilimpigia mhadhiri. Alisema sisi watu wa mpakani hatuishiwi visingizio. Niache tu, nirudie mwakani.

"Sirudii," nilimwambia. "Hiyo saa moja nitaitumia."

Siku ya kliniki ya watoto, akina mama wakijaa hadi barazani nami niko peke yangu, hakuna anayenipa muda wa kukuna kichwa. Nilijibu vivyo hivyo: namsoma mgonjwa wa kwenye swali, naamua, anayefuata aingie. Jibu la mwisho nililituma ikiwa imebaki dakika moja.

Nilifaulu. Alama hazikuwa za kutangazia majirani, lakini mwaka sikurudia.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya mtihani, mganga mfawidhi alivua saa yake ya mkononi, ile anayohesabia mapigo ya moyo, akaiweka mezani kwangu.

"Vaa hii," alisema. "Haiijui Rwanda."

Nikaivaa, nikapanda kilima. Siku hiyo mzee alihesabu mapigo ya wagonjwa wote kwa simu.