Mama Alipofumba Mdomo

Kiharusi kilimpiga mama siku chache kabla ya Kwaresima. Kilichukua mkono wa kulia, mguu, na maneno yote aliyokuwa nayo, naye alikuwa nayo mengi. Nikamtoa Ukambani, nikamleta Kangemi katika chumba changu kimoja, nikamlaza kitandani pangu, mimi nikahamia mkekani. Chakula chake kikawa uji mzito wa wimbi. Maji yalimpalia, na kitu kigumu kilimkaba.

Jumuia ya mtaa wetu ilipokuja kumwombea, mhudumu wa Ekaristi, mama mmoja mwenye huruma nyingi kuliko ujasiri, alinivuta kando.

"Komunio tungoje kwanza. Akiitema je? Akipaliwa nayo? Si itakuwa shida yangu?"

"Tungoje nini?" nikamwuliza. "Huyu amefundisha watoto katekisimu maisha yake yote. Pasaka hajawahi kukosa."

"Basi muulize kama yuko tayari."

"Mgonjwa haulizwi uji. Wewe leta tu."

Waliotusikia walicheka, maana walijua mimi mwenyewe sikuwa napokea. Tangu tumzike mume wangu, misa nilihudhuria, lakini wakati wa Komunio nilibaki kwenye benchi, nikikunja magoti ili wengine wapite. Kaburini waliniambia atafufuka. Nikauliza lini, wakaniambia nisikufuru. Nilikasirika, na hasira hiyo niliitunza vizuri kama sufuria ya wageni. Lakini imani ya mama ilikuwa mali yake, na sikuwa tayari kuona mtu akimnyang'anya kwa sababu tu hawezi kujitetea.

Basi kila jioni nikitoka Lavington, ninakopikia familia moja, tulifanya mazoezi. Nilimkalisha wima, mito mgongoni, kidevu chini kama nesi wa kliniki alivyonionyesha. Nilimwekea ulimini chembe ya mkate mkavu, ndogo kama punje ya mchele, kisha kijiko cha uji. "Meza, mwaitu," nilimwambia, kwa maana nyumbani mama tunamwita hivyo. Mwanzoni alikohoa mpaka machozi yakamtoka, nami nikalia naye. Tukarudia. Zamani yeye ndiye aliyenifundisha kupokea kwa vipande vya chapati, nisitafune, nisicheke. Sasa mwalimu amekuwa mwanafunzi, tena mkaidi. Wiki ya Matawi akameza bila kukohoa, nikapiga kigelegele peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumapili ya Pasaka mwajiri wangu alikuwa na wageni. Nilimpigia simu mapema. "Nilipika jana, kila kitu kiko kwa friji. Leo siji." Hakuwa amezoea kuambiwa hivyo, wala mimi sikuwa nimezoea kusema.

Baada ya misa jumuia ilijaa chumbani mpaka mlangoni. Nilikuwa nimetandika kitambaa cheupe juu ya stuli na kuwasha mshumaa. Mhudumu akamega chembe, akaiinua. "Mwili wa Kristo."

Mama akafumba mdomo.

Nilidhani ni misuli. "Fungua, mwaitu, ni kama mazoezi." Akageuza uso. Kisha akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akainyooshea kidole ile chembe, akaninyooshea mimi, akarudia.

"Anataka mpokee pamoja," mhudumu akasema polepole.

"Mimi siwezi. Sijaungama tangu mazishi."

"Basi anakungoja."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia mama mbele ya watu wote kwamba huu si wakati wa kunitega, baada ya kazi yote ile. Akaninyooshea kidole tena. Hapo nikakumbuka kwamba yeye pia alizika mume, na Jumapili iliyofuata akaenda kupokea. Nilikuwa msichana, nikamwuliza anawezaje. Alinijibu kwamba kwenye meza ile ndiko anakokula na baba bado, walio hai na waliokufa pamoja. Nilidhani ni maneno ya kujifariji. Kumbe aliyaamini kama mkulima anavyoamini kwamba mahindi aliyoyafukia yataota. Na sasa hakutaka kula peke yake huku mwanawe amekaa kando ya meza.

"Usiende popote," nikamwambia mhudumu. "Imbeni, fanyeni chochote, lakini niwakute hapa."

Nikajifunga leso, nikapanda barabara ya parokiani karibu kukimbia. Sitasema kwamba imani ilinirudia njiani. Bado sikujua mume wangu atafufuka lini, na bado niliumia. Niliamua tu kwamba nitaungama hasira yote, hata ile niliyokuwa nayo mguuni nikitembea.

Padri alikuwa mezani, sahani ya pilau mbele yake, amechoka na misa za asubuhi. Katekista alinizuia mlangoni, akasema maungamo ni Jumamosi. Nikampita.

"Fatha, nisamehe kukukatiza," nikasema. "Naomba kuungama sasa hivi. Mama yangu ana njaa."