Kisanduku cha Umeme na Maneno ya Bibi Matika

Nakumbuka Jumatano moja ya kiangazi, mwanangu, siku niliyoiamkia nikiwa kijana wa maringo na kuimaliza nikiwa sijui macho niyaelekeze wapi. Nitakusimulia bila kuipamba, maana nikiipamba nitakuwa nimerudia kosa lile lile.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Maduka ya Dodoma yalijaa redio na mitumba, mashine za kusaga za watu binafsi ziliota kila kijiji, na chuo chetu nacho kikaanza kupata washirika kutoka nje. Nilikuwa msaidizi katika utafiti mmoja wa namna hiyo, wa chuo chetu na chuo kimoja cha Ulaya. Nyinyi leo mnaita gridi janja. Sisi hatukuwa na jina zuri hivyo. Tulisema tu umeme unaojigawa.

Tulichagua kijiji kimoja upande wa Mlali, kisichofikiwa na nguzo za umeme wa taifa. Tukaweka jenereta ndogo na paneli chache za jua, tukavuta waya hadi kwenye mashine ya kusaga, zahanati na nyumba kadhaa. Katikati tukaweka kisanduku cha chuma kilichochomelewa kwenye karakana moja ya Kizota, na ndani yake vyombo vya profesa wa Ulaya, mzee mpole ambaye kijijini walimwita Mgeni. Kisanduku kilijua kila mmoja hutumia umeme kiasi gani kwa kawaida. Umeme ukielemewa, kilimkatia yule aliyezidisha kawaida yake, bila kumwuliza mtu. Tulikipenda kisanduku kile kama mtoto wa kwanza.

Kiongozi wetu alikuwa Dakta Salum, mtu wa Dodoma mjini ambaye babu zake walikuja na misafara ya biashara. Kigogo chake kiliishia kwenye salamu. Mimi ni Mgogo wa Mvumi, hilo unalijua. Wenzangu chuoni hawakulijua. Bwenini Wagogo tulitaniwa kila siku kwa ajili ya ombaomba wa mijini, nami nikaona afadhali nisiwemo. Nikasema nimezaliwa mjini, na Kigogo nimekiokota mtaani kidogo tu. Kile kidogo kikanifanya mkalimani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo mwenyewe huiona ndefu na ya lami.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipojikwaa. Baada ya wiki moja ya kupima matumizi ya kila nyumba, tulikaa na wanakijiji kuwauliza kama wana neno. Wanaume walisema ni sawa. Kisha akainuka Bibi Matika, mhudumu wa zahanati tangu ilipojengwa. Kiswahili chake kilitosha dukani tu. Jambo zito alilisema kwa Kigogo. Alinitazama mimi, akanisalimu "Mbukwa", nami nikamjibu "Shikamoo" kwa sauti ya kijana wa mjini.

Alisema kwa muda mrefu, na kila neno nililielewa. Alisema wiki ile tuliyopima, muuguzi alikuwa semina, kwa hiyo jokofu la chanjo halikufunguliwa hata mara moja. Jumatano ya kliniki hufunguliwa tangu asubuhi hadi adhuhuri, linapata joto, na litahitaji umeme mwingi. Alisema tena kwamba akina mama wakija kliniki huja na mtama wao wa kusaga, safari moja kwa kazi mbili, kwa hiyo mashine na jokofu vitakula kwa wakati mmoja. Akamaliza kwa kuomba kwamba kisanduku kikikosa cha kugawa, kiinyime mashine.

Mwanangu, jua lilikuwa kali, gari lilikuwa linatungoja, na niliona nikilitafsiri lile lote kwa ufasaha wataniuliza Kigogo hicho cha wapi. Nikasema, "Bibi anashukuru, anausubiri umeme kwa hamu."

Mgeni alishangaa, akauliza kama maneno yote yale yalikuwa hayo tu. Nikacheka kidogo, nikasema wazee wetu ndivyo walivyo, hupenda kuzunguka. Akaandika kwenye daftari lake kwamba zahanati haina tatizo. Juma lililofuata, kwa kuwa zahanati sasa ilikuwa na jokofu la umeme, lile lake la zamani la mafuta ya taa likapelekwa zahanati nyingine.

Miezi miwili ilipita. Ndipo ikaja Jumatano ninayokwambia. Mgeni alikuwa amerudi na wenzake wawili kuona kazi yetu. Surua ilikuwa imesikika vijiji vya jirani, kwa hiyo akina mama walikuwa wengi kuliko kawaida, wengine wametembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni na mtama kichwani. Mashine ilinguruma bila kupumzika. Sisi tulikuwa kwenye kibanda cha kisanduku, nami nilikuwa naeleza, mkono mmoja mfukoni.

Kisanduku kikafanya "tak". Taa yake ndogo inayoonyesha umeme wa zahanati ikazimika. Wageni wakafurahi kuona kimefanya kazi mbele yao, na kompyuta ya Mgeni ikaonyesha sababu: jokofu limezidisha kawaida yake. Mgeni alisema jokofu linalokula umeme zaidi ya kawaida lazima liwe bovu, lisirudishiwe umeme mpaka likaguliwe. Mashine ya kusaga haikuguswa, kwa sababu tangu mwanzo ilizoea kula sana.

Nilijua jokofu ni zima. Nilijua tangu siku ile Bibi Matika aliposimama.

Tukaenda zahanati na bisibisi zetu. Muuguzi, binti mwembamba asiyependa maneno, alikuwa amesimama mbele ya jokofu kama anayelinda mlango. Alituonyesha kipimajoto. Kilisoma nyuzi sita. Akasema mwisho ni nane. Ikipita hapo hachomi mtoto yeyote kwa dawa ile, na nyingine haiji mpaka mwezi ujao. Vipande vyake vya barafu vilikuwa vimeyeyuka tangu asubuhi.

Bibi Matika alikuwepo. Aliniambia kwa Kigogo, bila ukali, kwamba haya ndiyo aliyoyasema. Dakta Salum akaniuliza, "Anasema nini?"

"Anauliza umeme utarudi lini."

Ndiyo, mwanangu. Nilisema hivyo mara ya pili, na watoto wakiwa nje wanalia. Leo hii nikilikumbuka jibu lile naona haya mwilini kabisa. Nilikuwa nikijiambia kwamba nitapata njia ya kulitengeneza kimya kimya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, nikashika bisibisi, nikajifanya natafuta kosa ambalo nililijua limekaa kinywani mwangu. Tukafungua mgongo wa jokofu. Tukapima waya. Kipimajoto kikafika saba. Dakta Salum alikuwa anatokwa jasho, Mgeni anarudia hesabu zake, na mashine kule inanguruma tu.

Bibi Matika akanishika mkono wa shati. Safari hii alisema Kiswahili, mbele ya wote, neno moja moja.

"Mwanangu, mimi Kiswahili sina. Mdomo wangu ni wewe. Sema."

Nikasema. Nilisema yote, palepale nimepiga magoti nyuma ya jokofu: semina ya muuguzi, mlango wa jokofu kufunguliwa, mtama, ombi lake. Nikasema pia kwamba mimi ni wa Mvumi na nilielewa kila neno tangu siku ya kwanza. Mgeni hakuelewa Kiswahili changu cha kukimbia, lakini Dakta Salum alielewa. Alimvuta Mgeni, akatoka naye mbio kuelekea kwenye mashine, akamsihi mwenye mashine aizime, akamwomba Mgeni afungue kisanduku na kurudisha umeme kwa mkono.

Umeme ulirudi, lakini tulikuwa tumechelewa. Muuguzi alikitazama kipimajoto, akakifuta kwa kidole, akakitazama tena, kisha akaanza kutoa vichupa kimoja kimoja na kuviweka kwenye ndoo. Nje, akina mama waliobaki kwenye foleni waliambiwa warudi nyumbani. Hakuna aliyegomba. Walijitwika unga wao wakaondoka.

Nilimfuata Bibi Matika nyuma ya zahanati, alipokuwa anaosha mabakuli. Nilitaka kuomba radhi. Akaniuliza kwanza habari za baba yangu, kwa jina lake. Alikuwa amenijua kwa sura, maana nimefanana na baba, tangu siku nilipomjibu kwa sauti ya kijana wa mjini.

"Ulikionea haya Kigogo," aliniuliza, "au ulinionea haya mimi?"

Alinipa bakuli nioshe.

Dakta Salum hakunifukuza. Alikwenda mwenyewe wilayani akasihi mpaka akapewa chanjo nyingine, na kanuni ya kisanduku ikabadilishwa ili zahanati isikatiwe kamwe. Mimi alinipa adhabu iliyonifaa: nizunguke na Bibi Matika nyumba kwa nyumba kuwaita wale mama, na nisitumie lugha yoyote ila Kigogo. Tulizunguka siku nne. Tuliwapata wote isipokuwa mmoja, aliyekuwa amehama na mifugo kufuata maji. Tuliulizia kila boma. Surua ilipita sehemu zile mwaka ule, na sijui kama ilimkuta mtoto wake. Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema, lakini wale wa kwangu walikula bila hata kujua nani amechuma.

Basi mwanangu, wewe unayekwenda kukaa meza moja na wataalamu wa nchi tano kupanga umeme wa kesho, shika haya ya mzee wako. Mashine itakwambia mtu ametumia kiasi gani. Haitakwambia kwa nini. Hilo aliyenalo ni mtu, na mara nyingi ni yule asiye na lugha ya mkutano. Ukipewa maneno ya mtu uyavushe, yavushe yote, hata yakiwa marefu, hata yakikuaibisha. Usikuonee haya ulikotoka, kwa sababu huenda wewe peke yako katika chumba kizima ndiye unayesikia linalosemwa. Na ukikosea, sema mapema, wakati kipimajoto kingali sita.

Mungu akupe masikio mapana kuliko vyeti vyako. Akupe ulimi usiopunguza neno la mnyonge. Uendako upokewe kama mtoto wa nyumbani, na kazi ya mikono yako isimrudishe mama yeyote nyumbani mikono mitupu. Amina.