Fito Nilizobandika kwa Gundi Baridi

Katika miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, nilifanya kazi kwenye karakana ya seremala mmoja mjini Mbeya. Tulitengeneza vitanda, milango na meza kama maseremala wote, lakini mzee wetu, ambaye wazazi wake walitoka pwani, alijua pia kuunda magitaa, na watu walikuja kutoka hata Iringa kuyaagiza. Chini yake tulikuwa wawili: mimi, Mhehe wa Kilolo, na mwenzangu, Msafwa wa milimani juu ya mji, mtu mwenye mke na watoto wanne. Habari hii ni ya mwenzangu huyo. Nimeikwepa miaka mingi, na hata sasa naona haya kuiandika.

Kazi ya magitaa tuligawana. Mimi nilikuwa wa mbavu na shingo. Mbavu za gitaa, yaani zile kuta zake za pembeni, hatukuzitoa kwenye ubao mmoja. Tulichukua mbao mbili nyembamba, tukazilainisha kwa maji ya moto, tukazikunja kwenye kalibu yenye umbo la gitaa, kisha tukazibandika moja juu ya nyingine kwa gundi. Zikikauka hivyo hazirudi nyuma wala hazipasuki. Shingo nayo niliiunga kwa vipande vitatu vya mninga vilivyobanwa pamoja. Kazi hiyo niliijua, na nilihakikisha kila mtu anajua kwamba naijua.

Mwenzangu alikuwa wa fito. Uso wa gitaa ni ubao mwembamba sana, na nyuzi zinauvuta usiku na mchana. Usipoutegemeza kwa ndani utabonyea. Kwa hiyo chini yake hubandikwa vijiti vya mbao, navyo tuliviita fito, kama zile za ukuta wa nyumba. Gundi yetu ilipikwa kwa ngozi ya ng'ombe, ikawekwa kwenye kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Gundi ya namna hiyo haipatani na baridi, na Mbeya mwezi wa saba ni baridi ya kukata masikio. Basi mwenzangu aliupasha ubao joto juu ya jiko la mkaa, akaupasha na ufito wenyewe, akalaza shavu lake juu ya ubao ili ajue kama joto limeingia, ndipo akapaka gundi. Kisha alichukua vipande vya mwanzi uliopasuliwa, akavisimika kati ya ufito na boriti ya juu, vikapinda na kuukandamiza ufito mpaka kesho yake. Asubuhi nzima inaisha, amebandika ufito mmoja. Nilimcheka sana. Nilimwita bibi harusi, kwa kuwa hakuwa na haraka ya kutoka ndani. Naye alicheka tu, akaendelea kulaza shavu.

Mwaka mmoja alikuja mwalimu wa shule kutoka Iringa, mtu wa kwetu kabisa, akataka gitaa la kupiga kwenye arusi ya dada yake. Mimi ndiye niliyempeleka kwa mzee, na mimi ndiye niliyejitapa mbele yake kwamba gitaa hilo ataliona mapema kuliko anavyodhani. Tulipofika kwenye fito, mzee alikuwa amesafiri kununua mbao, na mwenzangu akapata msiba, baba mkwe wake amefariki. Aliniaga akiwa mlangoni.

"Ningoje, ndugu yangu. Kesho kutwa nipo hapa. Fito usiziguse."

Muda ulikuwepo wa kumngoja. Nataka hilo lieleweke, maana kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilibanwa na siku. Sikubanwa na kitu. Nilitaka arudi akute fito zote saba zimeshakaa, aone kwamba kile anachokifanya kwa wiki mimi nakifanya kabla ya chakula cha mchana. Ubao sikuupasha. Nilipaka gundi upesi upesi, na kabla sijasimika mwanzi wa kwanza niliiona inaganda chini ya vidole vyangu. Nikabana hivyo hivyo. Nikafuta pembeni kwa kitambaa cha maji ya moto, na kwa macho kazi ikawa safi kuliko hata yake.

Aliporudi alizigonga kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Ubao uliupasha?"

"Niliupasha."

"Haya. Umejua kazi," akasema, na akafurahi kweli. Tukafunga mgongo wa gitaa siku ileile.

Mwalimu alirudi baada ya arusi, gitaa limeviringishwa kwenye blanketi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinichoma zaidi. Alisema alikuwa katikati ya wimbo wa kumtoa dada yake nyumbani, uso wa gitaa ukabonyea, kitu kikaanguka ndani na kuanza kugongagonga, na watu wakacheka. Dada yake pia alicheka, halafu akalia.

Mzee, aliyekwisha kurudi, aliufungua mgongo kwa kisu chembamba kilichopashwa moto. Fito tatu zilikuwa zimelala humo ndani kama kuni. Alikwaruza moja kwa ukucha. Gundi ilikuwa imekaa juu juu, inang'aa kama utando wa uji uliopoa, haikuingia kwenye mti hata kidogo.

"Gundi hii ililala kabla ya kubanwa," alisema. "Ubao haukupashwa." Hakuuliza nani. Fito zilikuwa za mtu mmoja, miaka yote. Akamgeukia mwenzangu. "Wewe, baba? Wewe ninayekusifu kwa watu?"

Mwenzangu aligeuka. Alinitazama mimi. Hakunikazia macho wala hakukunja uso; alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Mimi nikainama, nikaanza kutafuta patasi ambayo nilikuwa nimeishika mkononi.

"Magitaa basi," mzee akasema. "Utafanya milango. Fito atashika huyu."

"Sawa, Mzee."

Jioni nilimfuata uani, nimejiandaa kupigwa. Ningefurahi kupigwa. Aliosha mikono polepole, akaifuta kwenye suruali.

"Utasema mwenyewe," aliniambia. "Mimi siwezi kusema kwa mdomo wako."

"Kesho," nikasema.

Kesho ikapita, na kesho nyingine. Kila asubuhi niliingia karakana nimeyapanga maneno, na kila asubuhi mzee alinisalimu kwa furaha nami nikayameza. Fito nikawa sizijui. Gitaa jipya tulilomtengenezea mwalimu badala ya lile lilipofika kwenye fito, nililazimika kwenda kwenye rundo la milango kumwuliza mwenzangu joto linatosha lini. Aliacha randa yake, akaja, akanishika kichwa, akanilaza shavu kwenye ubao. "Bado," akasema. "Bado. Haya, sasa." Kisha akarudi kwenye milango yake.

Hilo ndilo lililonishinda. Jumapili nilinunua sukari, nikapanda milimani hadi kwake kumwomba msamaha, nikiwa nimeapa kwamba Jumatatu nitasema kwa mzee, liwalo na liwe. Alinikaribisha vizuri. Watoto walikuwa wamekaa wanangoja viazi viive. Kabla sijafungua kinywa, mke wake alikuja kutoka jikoni akifuta mikono, akapiga goti kidogo kunisalimu, kama kwa mkubwa.

"Shemeji, asante sana," alisema. "Huyu ametuambia yote. Ati aliharibu gitaa la watu kwa uvivu, mzee akataka kumfukuza kabisa, na wewe ndiye uliyemwombea. Bila wewe hawa watoto wangekula nini? Mungu akuzidishie."

Nilimgeukia mwenzangu. Alikuwa ananitazama tena, vilevile kama siku ile karakanani, akinipisha. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Hakukuwa na mzee wala mwalimu hapo, ila mke wake, watoto wake na mimi.

"Usijali, shemeji," nikasema. "Ni ndugu yangu."

Mwenzangu akaacha kunitazama. Alivuta sufuria, akaanza kuwamenyea watoto viazi, na kiazi cha kwanza, kwa kuwa nilikuwa mgeni, akanipa mimi.