Shimo Alilokata Fundi Siku ya Mchujo

Kabla mashine za kukata nyasi hazijawashwa, Fundi Shimo alikuwa ameshapita nusu ya uwanja wa gofu akisukuma toroli lake. Ndani ya toroli mlikuwa na kikatio, yaani silinda ya chuma yenye mikono miwili, pamoja na ndoo ya maji, mfuko wa mchanga, kisu na kipande cha ubao. Kila grini, ule uwanja mdogo wa nyasi zilizonyolewa zikawa kama kapeti, huwa na shimo moja na bendera moja, na shimo hilo halikai mahali pamoja. Likikaa, miguu ya wachezaji inaua nyasi pande zote. Ndiyo maana lazima awepo mtu wa kuchagua mahali papya kila asubuhi, akate, kisha achukue bonge la udongo lililotoka na kuziba nalo shimo la jana. Kwa Fundi, ziba, yaani kiraka hicho, ilikuwa nzuri pale tu mchezaji aliposimama juu yake bila kujua.

Watu wa nje hudhani kwamba uwanja mgumu ni kazi ya aliyeuchora. Aliyeuchora ni nusu tu. Nusu ya pili ni yule anayeweka bendera. Grini ileile inaweza kumpokea mgeni leo na kesho kumfukuza, kwa kusogeza shimo hatua chache tu. Fundi alilijua hilo, na hakulifanyia masihara. Alipiga magoti, akalaza kiganja kwenye nyasi, akaviringisha mpira kwa mkono kutoka kila upande, akautazama unavyokufa. Mkewe alikuwa akituchekesha sisi wa banda la mashine kwamba hata akimwekea chakula mezani, mumewe huizungusha sahani kwanza aone mteremko uko wapi.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti. Alikulia juu ya toroli lile. Jumatatu uwanja ulifungwa kwa wanachama na watoto wa wafanyakazi wakaruhusiwa kucheza, na fundi wa karakana akamkatia fimbo iliyovunjika ikawa ya kimo chake. Tulimwita Sindano, kwa sababu mpira wake haukujua kona. Akiwa msichana mdogo aliwashinda vijana wa makedi, wale wabeba mikoba, nao wakaanza kumkwepa kwa kisingizio kwamba jua ni kali.

Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne. Mchujo wa wanawake wanaotaka kucheza gofu ya kulipwa ulifanyika mara moja kila miaka miwili, haukupokea mtu aliyevuka ishirini na mitano, na ulitoa nafasi moja tu. Mara mbili alikuwa ameikosa nafasi hiyo, ugenini. Mwaka ule ukaletwa uwanjani kwetu, siku mbili. Kama angeikosa tena, basi. Hakuna aliyehitaji kumweleza, na nyumbani kwao hawakulizungumza.

Hapa lazima nilieleze shimo la kumi na sita, kwa maana kila kitu kilitokea pale.

Njia nzima kutoka pa kuanzia hadi benderani nayo huitwa shimo, na hili ni fupi, la mipigo mitatu kwa mchezaji mzuri; kwenye gofu mwenye mipigo michache ndiye anayeshinda. Unasimama juu ya kilima kidogo, mbele yako kuna bwawa, na ng'ambo ya bwawa kuna grini yenye umbo la mkono. Upande wa kulia ni kiganja, kipana, chenye mwinuko. Kutoka kwenye kiganja kinatoka kidole kimoja chembamba kinachoshuka kwenda mbele zaidi na kuingia majini, kwa kuwa bwawa limeizunguka grini hadi nyuma. Kingo za kidole zimenyolewa, kwa hiyo mpira ukikosea kidogo haukwami kwenye majani. Unateleza, unazama. Aliyeuchora uwanja huo alikusudia kumjaribu mchezaji kwa tamaa: bendera ikiwa kidoleni, mjinga huifuata.

Fundi alimfundisha binti yake jibu tangu akiwa hajui kusoma. "Kidole usikitazame, mama. Piga kiganjani. Halafu sukuma taratibu, mbili zako, chukua tatu, ondoka. Pale hapana mtu aliyewahi kutajirika."

Lakini palikuwa na jambo la pili, ambalo wachezaji wengi hawakulijua. Asubuhi bonde lile huwa tulivu. Baada ya adhuhuri upepo hushuka kutoka kilimani, unapita mgongoni mwa mchezaji na kufuata mteremko ule ule wa kuelekea majini. Nyasi zikiwa zimekaushwa na jua na upepo unasukuma, mpira uliotoka kiganjani kuelekea ncha ya kidole hausimami. Kwa hiyo sisi wa banda la mashine tulikuwa na desturi: ncha ni ya asubuhi. Mashindano yakiisha kabla ya chakula cha mchana, Fundi aliweza kukata nchani. Yakivuka hapo, alikata kwenye kifundo, pale kidole kinapoanzia. Hatukuandika popote. Ilikuwa desturi yake mwenyewe na sisi tuliizoea.

Juma la mchujo, maneno yakaanza. Mengi yalitoka kwa dereva wa mashine kubwa ya nyasi, ambaye tulimwita Breki kwa kuwa mdomo wake haukuwa nazo.

"Fundi, kikatio umekipeleka kupanuliwa? Nasikia mashimo ya juma hili yatakuwa kama karai."

Tukacheka. Fundi naye akatabasamu.

"Damu nzito kuliko maji," Breki akaendelea. "Hata maji ya bwawa. Mimi ningekuwa na binti, bendera zote ningemwekea mlangoni kwa mama yake."

"Wewe huna binti," Fundi akasema.

"Ndiyo maana naweza kulala."

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Sindano akamaliza akiwa mbele ya wote. Jioni, baba wa mchezaji mmoja aliyekuwa nyuma yake alisimama karibu na bomba tunapooshea zana, akamwambia mwenzake kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika, "Mtoto wa mwenye nyumba hapotei njia ya jikoni." Fundi alikuwa ameinama, anaosha kikatio. Aliendelea kukiosha muda mrefu baada ya kuwa safi.

Asubuhi ya siku ya pili nilikuwa naye kwenye ile ya kumi na sita, nimemletea mchanga uliomwishia. Wachezaji wangeondoka kwa mafungu, wa nyuma kwanza, waliotangulia mwisho. Sindano angefika pale alasiri. Fundi alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Alikuwa ameshatia alama kwenye kifundo kwa ncha ya kisu. Akaiangalia ile alama. Kisha akainua kikatio, akateremka nacho kidoleni hadi nchani.

"Leo si wanacheza mpaka jioni?" nikamuuliza.

"Wanajua kupiga," akasema. "Hawa si watoto."

"Upepo, Fundi."

"Upepo ni wa wote." Akakizungusha kikatio, uzito wake wote juu ya mikono. "Nikiweka pale juu watasema nimemtandikia kitanda."

Akalitoa bonge, akasimika bendera. Akaitazama mara moja tu, jambo lisilo la kawaida yake, akasukuma toroli.

Asubuhi hapakutokea lolote. Wasichana walipiga kiganjani, wakasukuma, wakaondoka na tatu zao. Mmoja, mwembamba mwenye kofia ya njano, ambaye hakuna aliyekuwa akimhesabu, alicheza kama aliyepandwa na kitu. Akamaliza mapema, akakaa kivulini mwa jengo la wanachama na matokeo mazuri kuliko yote ya siku ile, akisubiri waliobaki wamfikie.

Adhuhuri ikapita. Bendera za bondeni zikaanza kujinyoosha.

Fundi aliziona. Aliacha chakula chake bandani, akaenda kwa nahodha wa mashindano, mzee mpole mwenye redio ya mkononi. Nilikuwa nimepeleka maji mezani kwao, nikasikia.

"Mheshimiwa, ile ya kumi na sita. Naomba niisogeze."

"Isogezwe vipi, Fundi? Nusu yao wameshaicheza."

"Nimekosea mahali."

Nahodha akamtazama. "Nilipopita asubuhi nilishangaa kidogo. Nikasema, aah, Fundi ndiye anayejua." Akapunguza sauti. "Shimo likishachezwa na wa kwanza, litachezwa na wa mwisho. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Halafu fikiri: wewe, ukasogeze bendera, binti yako akiwa njiani? Watatumaliza."

Fundi akasema ahsante. Akaenda kusimama nyuma ya miti iliyo juu ya bwawa, mahali ambapo wafanyakazi husimama wasipotakiwa kuonekana.

Kundi la kwanza la alasiri lilipoteza mipira miwili majini. La pili, mitatu. Msichana mmoja alikaa chini kwenye nyasi akalia, kedi wake akamfunika kwa mwavuli ingawa mvua haikuwapo. Kila mpira ulipozama Fundi alifumba mkono na kuufumbua.

Sindano akafika. Alikuwa mbele ya yule wa kofia ya njano kwa mipigo miwili, na baada ya pale yalibaki mashimo mawili mepesi. Akasimama kilimani, akatupa majani machache hewani, yakamkimbia mbele. Akaitazama bendera nchani. Nilimwona akigeuza kichwa, akaitafuta miti, kana kwamba anajua baba yake yuko wapi. Sidhani kama alimwona.

Hakuwa na tamaa. Hilo ndilo linalouma. Alipiga kama alivyofundishwa: kiganjani, katikati, mpira ukatua laini na kutulia. Watu wakapiga makofi. Siku nyingine yoyote kazi ingekuwa imekwisha.

Akateremka kwenda kuutazama mteremko. Akapiga magoti, akalaza kiganja kwenye nyasi, namna ileile. Akarudi, akausukuma mpira kwa upole kiasi kwamba hata kikombe kilichojaa kisingemwagika. Mpira ukatambaa. Ukafika kwenye kifundo, ukasita, nikadhani umesimama. Upepo ukaja. Mpira ukateremka kidole chote, ukapita kando ya shimo kwa upana wa mkono, ukaendelea bila haraka, ukaingia majini. Haukutoa hata sauti.

Adhabu ni mpigo mmoja. Akaweka mpira mwingine palepale kiganjani. Safari hii aliogopa, na mpira ukakwama juu ya kifundo. Upepo ulipotulia kidogo akasukuma tena, ukakaribia. Akaumaliza kwa mpigo wa sita. Mipigo mitatu zaidi ya ilivyostahili, na mbele alikuwa na miwili tu. Mashimo mawili ya mwisho aliyacheza bila kosa. Akaikosa nafasi kwa mpigo mmoja.

Watu walimsifu Fundi. Yule baba wa karibu na bomba alimfuata mwenyewe, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nimekosa adabu jana. Wewe ni mtu wa haki. Mwenye roho kama yako hayupo." Fundi akasema, "Karibu tena," maneno ambayo hayakuwa jibu la chochote.

Breki alikuja bandani kofia mkononi. "Fundi, mimi nilikuwa natania tu. Unanijua."

"Najua."

"Nitukane basi."

"Kwani wewe ndiye uliyekata?"

Sindano akaja baadaye, wengine wakiwa wanatoka. Nilitaka kuondoka lakini alikuwa amesimama mlangoni. Mkoba wa fimbo ulikuwa bado begani. Hakuwa analia, na sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Baba, nikuulize. Kama leo angekuwa anakuja mtoto wa mtu mwingine, ungeikata pale?"

Fundi alikuwa na kitambaa, anafuta kikatio. Angeweza kusema upepo ulimdanganya. Angeweza kuisingizia kamati ya mashindano. Akaweka kitambaa chini.

"Nisingeikata."

"Sawa," akasema. "Nilitaka kujua kama nilikosea mimi."

"Hukukosea, mama."

"Afadhali ningekuwa nimekosea."

Akaushusha mkoba, akauegemeza ukutani, akaenda. Haukuja kuchukuliwa. Msimamizi alipouliza ni wa nani, hakuna aliyejibu, ukahamishiwa stoo.

Alipata kazi kwenye duka la simu upande wa pili wa mji, akapanga chumba huko. Fundi naye aliomba aondolewe kwenye mashimo. Wakampa reki, akawa anasawazisha mchanga wa mitego ya uwanjani, kazi ya wanaoanza. Mkewe alimsihi: "Mume wangu, ulitenda kwa haki." Akamjibu, "Haki ni kumtendea kama wote. Mimi nilimbana kuliko wote." Tangu hapo mkewe hakuirudia ile sentensi. Aliyechukua kikatio ni kijana wa mafunzo, na ziba zake zinaonekana kutoka mbali. Fundi hupita juu ya ziba hizo bila kutazama chini.

Binti humtembelea mama yake, lakini saa za kazi, baba akiwa uwanjani. Siku moja mvua kubwa ilitufukuza mapema. Mama yake ndiye aliyenisimulia. Fundi aliingia amelowa, akamkuta Sindano mezani, kikombe mkononi. Binti akasimama haraka, kama anavyosimama mtu akiingia mkuu wa kazi, akainama kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Wakabaki wamesimama. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mikono ya shati la Fundi. Mama akasema kaeni, chai ipo. Binti akasema anawahi, akachukua mkoba wake wa mkononi, akampisha baba yake mlangoni kwa adabu kubwa, akatoka na mvua ikinyesha.